Vikombe vya Mama Zeno Havijasema

Shikamoo, Fundi Nyoni.

Najua hutaitika, lakini kukuandikia bila shikamoo nimeshindwa. Miaka tisa uliyonifundisha kazi pale karakana ya Bombambili, ulinisamehe kuunguza spika mara tatu, ila siku niliyosahau kukusalimia ulininunia mpaka jioni.

Kwanza habari za huku. Mwaka umetimia. Msalaba wa saruji tumeuweka, misa imesomwa, na mjomba wako alihutubia mpaka wali ukapoa. Kibao cha karakana bado kina jina lako. Gari lako la bluu nakaa nalo mimi siku za kazi, kwa sharti moja la mkeo: kila Jumapili baada ya misa nilipandishe Matogoro mpaka nyumbani kwenu, muziki ukilia kama ulivyokuwa unarudi wewe. Nilidhani Mama Zeno anahofia betri isife. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa.

Sasa tulia, maana nataka kuungama.

Baada ya Pasaka alikuja fundi mgeni kutoka Dar, anaitwa Denis, akafungua duka la muziki wa magari Msamala. Ana kipima sauti. Unakibandika kwenye kioo cha mbele, unafunga milango, unapiga mlio mmoja tu, wala si wimbo, nacho kinakuandikia kiwango cha juu kabisa ulichofikia, hata kama umekifikia kufumba na kufumbua. Vijana wa bodaboda wakawa wanazijua namba hizo kuliko namba za simu za mama zao. Wakanisumbua nipeleke gari la marehemu likapimwe. Nikalipeleka kwa madaha, nimevaa na kitenge kipya. Fundi, gari la Denis lilitupita kwa namba sita. Sita! Halafu mmoja wa wale vijana, ambaye wewe mwenyewe ulimfungia redio, akasema, "Kumbe mzee alikuwa anatupigia kelele tu."

Wewe unanijua. Ulikuwa unasema hasira zangu zingeweza kuwasha gari bila ufunguo.

Denis si mtu mbaya. Nilipomuuliza siri, alinieleza bila choyo: fupisha bomba. Lile bomba la plastiki ulilolitia kwenye boksi la spika, lililobaki jirani alipojenga choo. Likiwa refu, boksi linatoa zile sauti za chini kabisa. Ukilifupisha, linaziacha hizo, na nguvu yote inakimbilia kwenye mlio ule wa kupimia. Nikachukua msumeno, nikakata shubiri nzima. Sikujiuliza mara mbili, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tukarudi Msamala tukampita Denis kwa namba mbili. Vijana walinibeba juu, mimi na kilo zangu zote, wakanishusha upesi kuliko walivyoninyanyua. Kipande nilichokata nikakisimamisha mezani, kikawa cha kuwekea bisibisi.

Jumapili ile nikapanda Matogoro na kwaya yetu ya parokia ikinguruma, kioo cha nyuma kinatetemeka. Nikaegesha uani, nikasubiri dirisha la jikoni lifunguke. Si unaukumbuka ule ukelele? Wewe uliupata miaka yote: "Baba Zeno, punguza! Vikombe!" Tangu ufariki naupata mimi: "Felista, punguza! Vikombe!" Siku hiyo dirisha halikufunguka. Nikaongeza sauti. Hola. Nikafikiri labda anaumwa. Mwishowe akatokea mlangoni anafuta mikono kwenye kanga.

"Mbona leo umekuja kimyakimya, mwanangu?"

Kimyakimya! Mimi, bingwa wa Msamala!

"Muziki nimeusikia ulipofika uani," akasema. "Ila vikombe havijasema."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo nadhani hata wewe hakukuambia. Miaka yote hiyo, gari likiwa bado kule chini kwenye kona, kabla hajasikia wimbo wowote, vikombe vya kabatini vilikuwa vinaanza kugongana. Ndivyo alivyojua unakuja. Anainjika chai, halafu anafungua dirisha akugombeze. Na mwaka huu wote, kila Jumapili anavuta kiti anakaa karibu na kabati anasubiri. "Ni pale tu vinapogongana," akasema, "ndipo naona kama anarudi." Chai ile niliinywa kama dawa ya malaria.

Jumatatu nikafanya kilichotakiwa kufanywa kabla ya msumeno. Nikapiga kwaya karakanani, nikatembea nikihesabu nguzo za umeme kuelekea sokoni, kama ulivyokuwa unanituma kila ukimaliza boksi. Zamani besi yako, zile sauti za chini, nilikuwa naisikia mpaka nguzo ya saba. Safari hii ilinikimbia kwenye ya nne. Nikasimama pale nimeikumbatia nguzo, watu wananipita wanadhani nimefiwa upya. Nikakumbuka ulivyomjibu mteja aliyekuonyesha boksi la dukani lenye maelfu ya wati yameandikwa ubavuni: "Hata mimi naweza kunyanyua gunia la mahindi mara moja watu wakinitazama. Niambie nilifikishe Matogoro, tuone." Tulicheka siku ile. Mimi nilicheka bila kuelewa.

Bisibisi nikazimwaga mezani. Kipande nikakirudisha kwa gundi na mpira wa tairi, kimekaa upande kidogo, ungenisema. Denis akalipima tena, tukarudi nyuma namba zile zile sita. Vijana wakaguna. Nikamchukua Denis tukahesabu nguzo pamoja, kwanza gari lake, halafu lako. Lake liliishia ya tatu. Kwenye ya saba, lako likiwa bado linasikika, aliinamisha kichwa akasikiliza, kisha akauliza bomba lile lilitoka choo cha nani.

Jumapili iliyopita nikapanda tena. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko spika. Nilipokata kona ile ya chini sikuongeza sauti wala sikupunguza. Sijafika hata uani, dirisha likafunguka kwa kishindo:

"Baba Zeno, punguza! Vikombe!"

Nikazima. Tukatazamana, yeye ameziba mdomo kwa kanga. Halafu akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka akakaa kizingitini, na hapo ndipo tulipolia. Nilikulilia, Fundi, kuliko siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa na kazi ya kufunga vipaza sauti. Nikataka kumshika mkono tuingie ndani. Akanikatalia.

"Washa," akasema. "Rudi mpaka kwenye kona, uje tena."

Nilirudi mara tatu.

Lala pema, mwalimu wangu. Bomba lako sitaligusa tena, msumeno nimeufungia. Na maadamu mimi na gari hili tunapumua, Jumapili utafika nyumbani, na utagombezwa.

Mwanafunzi wako,
Felista