Kutu Niliyoiacha Kwenye Ndoano ya Trela

Papa yangu mpendwa,

Ulikuwa ukinifukuza karibu na moto wa kuchomelea: "Usiangalie, utaharibu macho!" Leo ungecheka, maana kazi yangu ni kuangalia. Niko maabara ya hadubini hapa chuo kikuu Kakamega, nakaa Amalemba, na kutwa nzima watu wananiletea udongo, saruji na vyuma niwaambie ndani kuna nini. Kipande kidogo kama punje ya wimbi, kwenye skrini kinakuwa milima na mabonde.

Wiki jana niliangalia ndoano ya trela lako.

Mama aliitunza tangu tukuzike. Aliipaka grisi, akaifunga kitambaa, akaificha chini ya kitanda. Eti ni ushahidi. Trela la miwa lilipochomoka kwenye mteremko wa Shianda likakuua, aliyeshika usukani wa trekta alikuwa mdogo wako, baba mdogo Makokha. Mama akaapa alikuwa anaendesha kama kichaa. Siku ya mazishi, wakati wa kurusha udongo, alimshika mkono. "Wewe hapana. Kikulacho ki nguoni mwako." Baba mdogo akaudondosha ule udongo miguuni pake, Matungu nzima ikitazama. Akahamia Lugari, na hajakanyaga kwetu tena.

Sasa Mama akanipa ndoano: "Wewe una mashine. Tuonyeshe alivyoivunja."

Chuma kilichokatika kwa kishindo kina sura yake, Papa, na hiki hakikuwa nayo. Ufa ulikuwa wa zamani, ulitambaa pole pole kwa miezi, na ulianzia pale ulipochomelea wewe. Chini ya chomeleo lako kulikuwa na kutu.

Daktari anayenisimamia alichungulia skrini. "Aliyesafisha hiki chuma alikuwa mvivu kweli," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Ni mimi, Papa. Jumamosi ile ulipokuwa unaitengeneza ndoano, ulinipa brashi ya waya. "Sugua mpaka king'ae kama sufuria ya mama yako." Nilisugua juu juu tu, wenzangu walikuwa wananiita mtoni. Ukauliza, "Kimetakata?" Nikasema kimetakata. Hukuangalia. Uliniamini, ukashusha kinyago chako, ukachomelea juu ya uongo wangu.

Mama amepiga simu mara tatu. Nimemwambia mashine imeharibika. Ai, uongo mwingine! Naona aibu, na usingizi sina.

Jana nikampigia baba mdogo, nikamweleza yote.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na miwili."

"Basi usimwambie mama yako. Mimi nishazoea."

Nililia, Papa, simu ikiwa bado sikioni. Mtu amebeba mzigo wangu miaka yote hii, na anataka kuendelea kuubeba. Siwezi kumwachia.

Kesho naenda Matungu na ndoano yako na picha zake. Nitamwambia Mama amwite baba mdogo nyumbani, aje arushe udongo wake. Namjua mama yangu. Huenda mkono atakaoushika safari hii ni wangu, na kaburi lako nisilikaribie tena. Kwa hiyo nakuaga leo, mapema. Lala salama, Papa.

Mimi mwanao, uliyeniuliza kama kimetakata.