Kichwa cha Umugwaneza

Kambi ya Kanyaruchinya, Goma
Tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa Papa Sebahire,

Nakusalimu sana. Mugongo umepoa? Na baridi ya Lubumbashi haikusumbui kifua? Siye tungali tunapumua, Mungu asifiwe. Usishangae mwandiko wangu. Naandika na mukono wa kushoto, wa kulia umevunjika.

Tangu mudogo wako Viateur, mume wangu, auawe na bomu pale Kibati tukikimbia, kifafa cha binti yetu Umugwaneza kimezidi. Mwezi uliopita alianguka kwenye moto wa jirani. Wamama walisimama wakimuangalia anaungua, eti povu lake litawaambukiza. Nilimutoa mwenyewe, ngozi ya shavu ikabaki kwenye mafiga.

Dawa zimeshindwa. Daktari Cyprien anasema kuna kovu ndani ya ubongo, linaweza kukatwa kule Kigali, na watu wa kutusaidia wamepatikana. Alitaka tu neno la familia. Nikakuuliza wewe, maana kwetu kichwa cha mutoto ni cha upande wa baba. Ukajibu kwamba kichwa cha mutoto wa ukoo wenu hakifunguliwi kama sanduku, tungoje kwanza vita iishe. Nikakutii, kama muke wa heshima.

Basi sikia tulichopata kwa kungoja. Jumatatu watu wenye bunduki waliingia kambini. Walitulaza chini, wakasema atakayetikisika atakufa. Krizi ya kifafa ikamushika Umugwaneza palepale, miguu ikawa inapiga sahani za watu. Mumoja wao akafikiri anamuchezea. Akamupiga mudomoni na kitako cha bunduki, meno yakatoka. Nikamulalia juu. Yule akanigeukia mimi, akapiga mpaka mufupa ukalia, na chini yangu mutoto bado anatetemeka.

Wale nawachukia. Wewe sikuchukii, Papa, lakini hasira ninayo na sikufichi. Ni rahisi kungoja amani ukiwa Lubumbashi.

Kesho yake nilirudi kwa daktari na mukono umefungwa kitambaa. Akauliza kama mukubwa wa familia amekubali.

Nilimuambia mukubwa wa familia ndiye huyu anayeongea naye. Ijumaa tunavuka mpaka kwenda Kigali.

Unisalimie muke wako Mama Sidonie, na mutoto wenu Niyitegeka asome vizuri. Bwana awafunike nyumba nzima. Na kama wewe bado unatukatalia, basi umukatalie Mungu pia asimuponye.

Muke wa mudogo wako, anayekupenda hata leo,
Laurence