Mashati ya Kufichia Bastola

Mabela, Maskati

Kwa mume wangu mpenzi, Baba Zuhura,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini, maana ni ndefu, na ningependa uisome peke yako chumbani kabla hujamwonyesha mtu mashati. Mkono wako vipi? Bado unakuuma ukilalia ubavu ule? Mama anakula vizuri? Na Zuhura kifua kimepona, au bado anakohoa na kukataa dawa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila miguu inavimba nikikaa sana kwenye cherehani. Moyo usiniulize.

Najua utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu zipo. Baba Zuhura, wewe simu yangu unaisikiliza dukani, tena kwa sauti ya juu, wapagazi na wauza mpunga wote wanasikia mkeo anasema nini. Haya ninayotaka kusema siyo ya wapagazi. Nimeyaweka ndani ya furushi, na yule dada wa Kahama anayerudi likizo atakupa mkononi.

Uliponiambia leseni imetoka na bastola umeshakabidhiwa, nilikaa kitandani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Usikasirike. Najua ulichopitia. Najua majambazi walikusimamisha njia ya Igunga, ukawapa begi bila ubishi, na bado wakakuvunja mkono. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa nyumbani, huenda mimi mwenyewe ningekusindikiza polisi kuomba hicho kibali. Lakini ukaongeza neno, tena kwa kucheka: "Mama Zuhura, wewe ni binti wa askari kanzu, kazi hii unaijua. Nishonee mashati mapana. Na moja nalitaka nikiinua mikono lisipande."

Nikabaki najiuliza. Mnunuzi wa mpunga anainua mikono ya nini?

Jibu nilipewa na wifi yangu Mwajuma. Alipiga simu Ijumaa, hata salamu hakumaliza.

"Wifi, umemfanya nini kaka?"

"Nimfanye nini nami niko Maskati?"

"Basi kasahau njia ya msikitini. Siku hizi anayeadhini badala yake ni yule fundi baiskeli, sauti kama mbuzi anayekimbizwa."

"Kwani anaumwa?"

"Anaumwa aibu! Aliinua mikono kuadhini Alfajiri, shati likapanda, na Mzee Kondo yuko nyuma yake anatawadha. Akaiona bastola. Mzee wa watu akasahau hata udhu wake umefika wapi! Kufika saa ya chai mtaa mzima unayo habari. Shekhe akamwita pembeni, akamwambia kwa upole tu. Kaka akawaka, akasema, nilipovunjwa mkono mlikuwa wapi ninyi? Tangu hapo anasali nyumbani."

Ya mbuzi nilicheka, nisikufiche. Halafu nilipokata simu nikalia mpaka kitambaa nilichokuwa nashona kikalowa.

Mume wangu, huku adhana ni nyingi. Ikianza huu msikiti wa jirani, wa pili unapokea, na wa tatu, mpaka mji wote wa Mabela unaita. Ni sauti nzuri, zimefunzwa. Lakini mimi tangu nifike bado nasikiliza kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati. Huku Alfajiri inatangulia ya kwenu. Ninyi mnapoamka, mimi nimeshachemsha chai ya watu wa nyumba. Basi kila siku, nikiwa na birika mkononi, nilikuwa najisemea, sasa hivi Baba Zuhura anasafisha koo, sasa hivi anaweka vidole masikioni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kifungua kinywa changu. Kumbe nilikuwa namsindikiza fundi baiskeli!

Nikaenda Ruwi kununua vitambaa. Ungeuona mji huu, Baba Zuhura, ungeshangaa. Mtu anashuka kwenye gari, analiacha linaunguruma mlangoni mwa duka, baridi inavuma ndani na ufunguo umo, anaingia kununua mikate. Akitoka analikuta. Mara ya kwanza nilisimama kulilinda gari la watu, nikijua mwenyewe kasahau. Mwenye duka, Mhindi mmoja mzee, akanicheka sana. Nilitamani wewe ndiye ungekuwa unaishi mahali pa namna hii, mimi nikabaki na hofu ya huko, maana mwili wangu haujavunjwa.

Sasa ya mashati. Sikiliza kama ungekuwa unamsikiliza marehemu baba yangu, Mungu amrehemu. Alitembea na bastola miaka yote ya kazi yake, na majirani zetu pale Tabora wengine mpaka anastaafu walidhani ni karani wa reli. Mama ndiye aliyekuwa akimshonea, na mimi nilikuwa nashika pindo.

Kabla ya shati, mkanda. Huo mwembamba wako wa harusini uache. Bastola ni nzito, mkanda laini unalala upande mmoja, na mtu anayepandisha suruali kila baada ya hatua hahitaji mpelelezi wa kumjua. Nenda kwa fundi viatu akutengenezee wa ngozi nene iliyoshonwa mara mbili. Na ala ya bastola iwe ya ngozi ngumu, ifunike triga yote, iibane vizuri isichomoke ukiinama. Usiichomeke bastola tupu kiunoni kama unavyoona kwenye sinema, wala usiitie mfukoni pamoja na funguo. Watu wamejipiga wenyewe hivyo. Mahali pake pawe pamoja tu, kiunoni kulia, nyuma kidogo ya nyonga. Usiihamehamishe. Mkono wako unatakiwa uijue ilipo bila macho.

Halafu huo mkono uache kwenda pale! Baba alikuwa anawatambua wenzake wasiojua kazi kwa hilo. Mtu anakunywa chai, kila dakika anajipapasa ubavuni kuhakikisha ipo. Ipo, haiendi popote. Kuokota kitu, chuchumaa kwa magoti, usikunje mgongo. Na magunia waachie wapagazi, ndiyo kazi yao.

Mashati nimeyachagulia vitambaa vyeusi vyeusi vyenye maua, kwa kuwa jeupe tupu linaonyesha mpini juani. Ni mapana kidogo kuliko mwili, siyo sana, ukivaa hema ndiyo watu watatazama. Pindo nimelikunja mara mbili liwe zito, upepo wa pikipiki usilifunue. Kwa ndani upande wa kulia nimetia bitana, maana chuma kinakula nguo, na jasho nalo. Usiyachomekee.

Chooni ndiko uwe mwangalifu zaidi. Baba alituhadithia mwenzake aliyeiweka juu ya tangi la maji kwenye nyumba ya wageni, akamaliza haja zake, akaenda zake. Aliikumbuka yuko njiani, akarudi anakimbia, akaikuta kwa rehema ya Mungu tu. Nyumbani iwe ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa ukutani, na ufunguo uwe kwako. Siyo chini ya godoro, siyo juu ya kabati. Watoto wa Mwajuma wanapanda kila kitu, unawajua. Hata ukiamini kwamba haina risasi, ishike kama inayo. Leseni ikae mfuko wa kushoto, na polisi wakikusimamisha barabarani, mikono yako ionekane, uwaambie taratibu kwamba unayo silaha na kibali chake, kabla hawajakupapasa wakaikuta. Na uende ukafunzwe kulenga na wanaojua. Kuinunua siyo kuijua.

Usimwonyeshe rafiki. Usiitaje ukikasirika. Mtu akikutukana sokoni, wewe sasa ndiye wa kwanza kumeza, kwa sababu ugomvi wenu ukikua, silaha iliyopo hapo ni yako. Wakitaka fedha wape, kama ulivyowapa siku ile. Ikiwezekana kukimbia, kimbia. Silaha hiyo ni ya pale ambapo roho inatolewa na hakuna mlango mwingine, na baba alimwomba Mungu kila asubuhi isitoke kwenye ala. Ilitoka mara moja tu. Tangu siku ile alikuwa hawezi kula nyama ya Idi. Sikuwahi kukwambia hilo.

Sasa lile shati moja. Lile la kuinulia mikono.

Nililishona, Baba Zuhura. Siyo kazi ngumu. Shati linapanda kwa kuwa fundi ameunganisha mkono na ubavu bila kuacha nafasi. Ukitia kikwapa kipana, kile kipande cha pembe nne chini ya kwapa, mkono unakwenda juu peke yake na pindo linabaki palepale. Nilimvisha mwanaume wa humu ndani, mkwe wa Bi Salma mwenye nyumba, ambaye umbo lake linakaribia lako. Nikamwambia, "Inua mikono." Akainua mpaka akagusa panka la darini. Pindo halikutikisika. Akacheka, akasema nimshonee na yeye ya kuchezea mpira.

Alipoondoka nikalitazama lile shati muda mrefu. Kisha nikachukua wembe nikaanza kulifumua.

Bi Salma mwenyewe alinikuta. Yeye ni wa Unguja kwa asili, maneno yake utayapenda.

"We Mama Zuhura! Shati limekaa uzuri, wafumua nini? Una wazimu?"

Nikamweleza yote, hata ya mbuzi. Akakaa juu ya kitanda changu.

"Miye mzee wangu huvaa jambia harusini," akasema. "Lakini hulivaa mbele, hapa tumboni, hata mtoto mchanga alione. La kufichwa nyuma ya watu wanaosujudu, hilo nnakwambia kweli silijui. Lakini mwenzangu, khofu ya mtu usiicheke. Sisi tulitoka Unguja nayo, na mamangu mpaka anakufa hapa Maskati akilala na viatu miguuni."

Maneno hayo yalinituliza mkono. Sikuicheka hofu yako, mume wangu, na siicheki sasa. Najua kutoka nyumbani mpaka msikitini Alfajiri ni giza, na kwamba kila pikipiki ikiunguruma nyuma yako, mkono uliovunjika unakumbuka. Lakini nilifikiri hivi. Nikikupa shati lile, utarudi msikitini, ni kweli. Utaadhini na hakuna atakayeona. Halafu utasimama kwenye safu, bega kwa bega na Mzee Kondo aliyekubeba hospitali, na wewe unajua una nini kiunoni na yeye hajui. Utasujudu huku unaiwazia ala kama imebana. Nitakuwa nimekurudisha mwili tu.

Kwa hiyo lile shati halimo kwenye furushi. Badala yake kuna kanzu, ipo chini kabisa, nimeifunga kwa karatasi. Usiutafute mfuko wa ubavuni, nimeuziba. Nimeibana kiunoni kidogo, chochote utakachoweka hapo kitaonekana kama mimba. Huyo mkwe wa Bi Salma sikumvisha. Hii nimeipima kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifumba macho, nikaizungusha mikono hewani kama ninavyokukumbatia, nikamwambia Bi Salma apime kwa utepe palipobaki wazi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kama umepungua na kanzu imekuwa kubwa, usiipeleke kwa fundi. Nisubiri.

Ninachokuomba ni hiki. Njiani kwenda kununua mpunga, vaa mashati na uende na hiyo bastola yako, mimi nitakuombea. Lakini Alfajiri ifungie kwenye kisanduku, uvae kanzu, na usitoke peke yako. Mzee Kondo nimeshaongea naye. Ndiyo, nilimpigia, na usinigombeze. Nilimwambia mume wangu anaogopa giza. Hakucheka. Alisema, "Mke wa watu, hata mimi naogopa. Nitapita mlangoni kwake na tochi, na mwanangu pia, akitaka asitake." Na akasema kilichomfanya awaambie watu siku ile siyo hasira juu yako. Alidhani umefika mahali unawaogopa wao.

Nisalimie mama mkwe, umwambie khanga alizotaka zimo, ile ya zambarau ni yake na siyo ya Mwajuma. Wifi yangu Mwajuma msalimie na umpunguzie ukali, bila mdomo wake ningejulia wapi? Shekhe mpe salamu zangu za heshima, umwombe radhi mwenyewe, usimtume mtu. Mdogo wangu wa Tabora akipita, mwambie amtazame dada yake kwenye picha za Idi, nimenenepa. Fundi baiskeli mshukuru kwa kushika nafasi, Mungu amlipe, ila apumzike. Binti yangu Zuhura mbusu mashavu yote mawili hata akikataa.

Usinijibu kwa barua, na simu ya mchana usipige. Kanzu ikifika, mwambie Zuhura asimame uani Alfajiri na simu yake, anirekodie sauti itakayotoka msikitini, anirushie hivyohivyo na kukohoa kwake. Nitakuwa nimesimama jikoni. Yoyote nitakayoisikia nitaiitikia, kwa sababu ni adhana. Lakini ikiwa ni yako, nitazima jiko kwanza.

Ni mimi mkeo anayekutamani,
Mama Zuhura