Docta wa Meno wa Kasenyi

Neema mujukuu wangu,

Huku Bunia tuko wazima. Koko mwanamuke, bibi yako, anasema nimenenepa. Mimi nasema shati limefuliwa vibaya.

Unauliza huko Kisangani utamjuaje dentisti wa kweli, maana jino linakunyima usingizi. Ujanani langu pia liliuma hivyo, nikakimbilia soko la Kasenyi, kwa mutu aliyevaa bluzi nyeupe ya hospitali. Siye kila bluzi nyeupe tunaiita docta. Nilishapanua kinywa kama samaki, ndipo Yaya Esther, dada yangu mukubwa, akamuuliza:

"Docta, ulisomea wapi?"

Akaonyesha meno aliyoyapanga kwenye kitambaa. "Diplome yangu ni hii."

"Hiyo inaonyesha unang'oa. Lile ulilotibu likabaki kinywani liko wapi?"

Akacheka tu, koleo mukononi. Yaya akanivuta mpaka Bunia, kwa dentisti aliyesomea meno chuo kikuu. Huyo naye Yaya akamuuliza vilevile. Hakukasirika, alituonyesha diplome ukutani, akaeleza masomo yake, kisha akaliziba jino.

Basi weye uliza, mutoto. Akichukia swali, funga kinywa uende zako. Jino langu lingali hapa. Jana lilivunja mahindi ya kuchoma, Yaya akinitazama kama yeye ndiye aliyeliotesha.

Koko wako, mwenye jino