Ndoo ya Bi. Mwanaesha

Makupa, Mombasa
16 Agosti 1996

Kwako Baba yangu, Mzee Musyoka,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa nafasi ya kulala. Mama je, bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, ila wali wa nazi umeninenepesha na sina wa kumlaumu.

Najua hukutarajia barua yangu. Siku niliyokuaga ulisema mkono utakaoshika usukani usiguse tena lango lako. Nilijua aliyesema si hasira, ni ile miaka yako ya lori, na tandiboi wako uliyemzika Makindu baada ya ajali. Iliniuma hata hivyo. Lakini kazi nimeifanya, Baba, na nataka habari zake uzipate kwangu mwenyewe.

Ni kazi ya kupeleka vifurushi. Mwanzo ilinitoa jasho. Bwana Gharib, msimamizi wetu, alinipa Mji wa Kale, akaniambia wazi kwamba niko kwenye majaribio, na dereva anayerudisha mizigo ofisini atarudi kwao pamoja nayo. Kuendesha ulinifundisha wewe, hilo halikunisumbua. Shida ni kwamba kule gari huachwa karibu na Ngome, mtu akaingia vichochoroni kwa miguu, na anwani yenyewe ni nyumba ya marehemu fulani, mlango wa kijani. Milango ya kijani ni mingi, na marehemu haitikii hodi. Nilirudisha mizigo hadi Bwana Gharib akaacha kuitikia salamu zangu.

Kisha ikaja siku ya Bi. Mwanaesha. Kifurushi chake kilikuwa nguo za harusi ya bintiye, zimeshonwa Nairobi, na harusi ilikuwa kesho yake. Bwana Gharib aliniambia nikirudi nazo nisijisumbue hata kuegesha gari. Nikaitafuta nyumba hadi nikaipata, nikapiga hodi. Mama mtu mzima akachungulia dirisha la ghorofani, akasema, "Ndoo, mwanangu."

Nilikuwa nimeona wanawake wa huko wakiteremsha kikapu kwa kamba ili wanunue mboga kwa mchuuzi. Nikajua basi, huyu hutumia ndoo. Nikasimama chini ya dirisha nimekinga mikono. Ndoo haikushuka. Akasema tena, kwa sauti zaidi, "Ndoo basi!" Nikafikiri kumbe ndoo anaitaka kwangu. Nikakimbia kwa muuza kahawa wa pale kona, nikamwomba ndoo yake ya kuoshea vikombe, nikaimwaga maji, nikaikausha kwa leso yangu, nikatia kifurushi ndani. Nikarudi nayo chini ya dirisha, nikaiinua juu ya kichwa nikimwambia ndoo ndiyo hii, sasa atupe kamba.

Kichochoro kizima kilicheka, Baba. Muuza kahawa ilibidi aketi chini. Bi. Mwanaesha aliteremka mwenyewe, akijifuta machozi kwa pindo la leso, akanishika mkono.

"Nakwambia ndoo, nawe waniletea ndoo," akasema. "Mtu akikwita hivyo, ingia. Usisimame nde."

Kumbe njoo yetu ndiyo ndoo yao, na nje ni nde. Labda wao husikia tofauti kati ya ndoo ya kuitia na ndoo ya maji. Masikio yangu ya Ukambani hayaisikii hadi leo. Alinilisha mahamri kwa mbaazi, na kabla sijaondoka nilikuwa nimealikwa harusini. Nilienda. Huko akanitembeza kwa wageni akinitambulisha kama Wanza wa Ndoo, na kila aliyecheka aliniambia anakaa wapi. Tangu hapo nikiingia kichochoroni, mtu hupaza sauti kuuliza Wanza wa Ndoo ameleta mzigo wa nani, na jibu hutoka dirishani kabla sijafungua kinywa.

Mizigo ikaacha kurudi. Jumatatu hii Bwana Gharib aliniita, akanisalimu yeye kwanza, akaniambia majaribio yamekwisha na nimeajiriwa. Nililia mbele yake, Baba, kisha nikajicheka.

Lakini si hilo tu. Amenipa njia mpya, ya Mombasa hadi Emali, kupitia hapo kwetu Kibwezi. Yaani barabara yako. Safari ya kwanza ni kesho, kwa hiyo barua hii haipiti posta. Nitamkabidhi Mama pale langoni akuletee ndani. Unapoisoma, mimi niko nje, gari nimelizima, nanuka dizeli kama ulivyokuwa ukinuka wewe. Mkono wangu umeshika usukani, basi lango sitaligusa. Nitangoja niitwe.

Sina la kuongeza ila kukuombea afya na uzee mwema. Neno la kuniitia nimeshakufundisha.

Ni mimi mwanao, mtiifu kasoro usukani,
Wanza wa Ndoo