Mwiko wa Mkono Uliovunjika

9 Machi, mwaka wa thelathini na mmoja tangu nitoke

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Hayo ni wapangaji wabaya: hayafanyi kazi na hayahami.

Picha ulizotuma zimefika. Nilizitazama nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaenda kunawa mikono. Miiko arobaini ukutani, kila mmoja na taa yake, kama wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa! Na yote imepinda mpini kushoto. Nani aliwaambia vijana wa karakana yako wapinde? Mimi niliupinda ule wa kwanza kwa sababu mkono wa Mama ulivunjika ukaungwa vibaya, kiganja kikawa hakigeuki. Nilikaa naye jikoni siku tatu. Napunguza mpini, anakoroga, anasema, "Bado." Napunguza tena. Hawa wako walikuwa wanamtazama nani?

Tena mnaipaka masizi na majani ya chai ionekane ya kale, na vanishi juu yake. Ukiutia mwiko huo kwenye sufuria utaua watu. Na ile kadi: "Kazi ya mzee aliye ugenini, achongaye huku akilia." Nani analia? Mimi nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, na patasi sijaishika tangu nivuke mpaka.

Unaniita nirudi. Unajua nimelisubiri neno hilo kiasi gani. Lakini chumba cha kioo? Nichonge kifua wazi, wageni wakinikodolea macho? Hata nyani huachiwa pa kujificha. Nipe kitanda nyuma ya jiko, nitakuja kesho.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nafurahi kusikia u mzima, ingawa naona kiungo chenye afya kuliko vyote ni ulimi. Mgongo wangu unaendelea vizuri.

Umenisema vya kutosha, sasa na wewe nisikilize. Vijana wanane wanaishi kwa karakana hii, na kabla yake walikuwa wanashinda vibarazani. Mwiko usiokoroga una kosa gani? Ua linakoroga nini? Wimbo unapakua nini?

Na nikwambie jambo usilolijua. Ule mwiko uliomwachia Mama mezani asubuhi uliyoondoka, hakuupikia hata siku moja. Aliupigilia msumari ukutani akautundika. Nikamwambia, "Mama, utumie, mkono unakuuma." Akasema, "Huo si wa sufuria. Huo wa kutazama." Akaendelea kukorogea kijiti kilichomchubua. Kwa hiyo aliyeanza kutundika si mimi.

Chumba cha kioo kina pazia. Njoo, kaka yangu. Tumebaki wawili.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi naendelea. Nimechelewa kujibu kwa sababu ulinipiga pabaya.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa seremala wa mtaa huu, nikamwomba kipande cha mti na kisu. "Babu, unatengeneza nini?" Nikamwambia, mwiko. "Wa nani?" Nikachukua mti wangu nikaenda zangu. Nilichonga siku nne kando ya dirisha, vumbi likiingia kitandani, na moyo ukinidunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Siku ya nne nikautazama vizuri. Mpini umepinda kushoto! Humu ndani naishi peke yangu na mikono yangu imenyooka. Nilikuwa najiiga mwenyewe, tena vibaya kuliko vijana wako. Niliutupa pipani. Asubuhi nikautoa nikauvunja, asije mtu akautundika.

Mama alikuwa na haki yake. Alimjua aliyeuchonga, na kiganja kilichochongewa kilikuwa chake. Mtu anaweza kuutunza mkate wa mtoto aliyesafiri asiule. Lakini hakuna anayejenga tanuri la kuoka mikate isiyolika.

Sitachonga, si mbele ya kioo wala nyuma ya pazia. Nitakuja nikiwa ndugu yako tu, nifagie, nichemshe chai, tugombane. Niandikie siku. Sanduku nimeshalishusha kabatini.

Kaka yako

28 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Nakuombea afya. Miezi mitano sikuandika, na haikuwa maradhi. Ilikuwa aibu.

Uliponiandikia kwamba hutachonga, wageni walikuwa wanakuja kila Jumamosi kukuulizia. Nilichoka kusema unakuja. Siku moja nikawaambia umefariki. Neno likanitoka, nami sikulirudisha. Vijana wakaipamba picha yako kwa maua, na wawili wakalia kweli, watu ambao hawajakuona. Kadi mpya inasema hizi ni kazi zako za mwisho. Tangu siku hiyo hatulali kwa kazi, miiko ishirini kwa wiki.

Njoo. Nitawakusanya wote niseme nilidanganya. Watanizomea, na karakana itafungwa, lakini njoo. Picha ya maua naiambatanisha, kwa sababu sitaki nikufiche tena lolote.

Mdogo wako

17 Desemba

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Mimi, kwa kifo changu, sijambo.

Nimeiona picha. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikatapika, na hapo sitii chumvi. Kazi za mwisho! Nikiwa hai nilimaliza mwiko mmoja kwa siku tatu. Tangu nife namaliza ishirini kwa wiki. Kila aliyenunua amekwenda kutundika kwake huzuni ambayo hakuna aliyewahi kuwa nayo, na vijana wenye mikono mizuri kuliko yangu wanazeeka wakitia sahihi ya maiti. Hilo ndilo linalonichefua zaidi. Hawatajua kamwe wao wangechonga nini.

Usiwakusanye. Nikija ukasema kweli, nitakuwa nimewarudisha wanane barazani. Nikija nikajificha, nitaula uongo huo nawe kila asubuhi, na tumbo langu halitauweza. Nimeyapima haya kwa wiki mbili, nikitafuta njia ya tatu, kwa maana nilitaka sana kuiona.

Sikukasirikii kama unavyodhani. Endelea kuniandikia, nitajibu kila barua. Sanduku nimelirudisha kabatini.

Sitarudi.

Kaka yako