Kuanzia M hadi Z

3 Machi

Kwako Twiga,

Natumai u mzima na magoti bado yanakubeba. Mimi afya si haba, ila macho sasa yanadai miwani miwili.

Mjukuu wangu anasomea sheria na anajifunza Kilatini kwa simu. Anagusa neno, maana inatokea. Juzi akalalamika: "Babu, hii kamusi ya mtandaoni ina kichaa. M hadi Z kila neno lina mifano. A hadi L ni mifupa mitupu!"

Nikamwambia ailete. Chini ya *piger*, mvivu, nikasoma: "Mpishi wa bweni hulala mpaka maji ya chai yakauke." Sentensi hiyo uliitunga wewe, kwenye dawati letu. Mjukuu ndiye aliyenionyesha pa kukuandikia.

Miaka arobaini na moja sikujua kama uko hai. Kamusi ya karatasi tuliyosomea pamoja ilikuwa zawadi yangu ya kushika nafasi ya kwanza darasani. Asubuhi tuliyokimbia vita pale shuleni nilirudi kutoka bombani na ndoo ya maji, nikakuta umeichana katikati, umekwenda na nusu ya pili bila kuniaga. Nusu yangu ninayo hadi leo.

Kwa nini?

Ndugu yako wa bweni,
Kobe

9 Machi

Ndugu yangu Kobe,

Salamu nyingi. Magoti yalistaafu kabla yangu, lakini barua yako imenirusha kitini hadi nikamwaga chai kwenye kibodi.

Lori lilikuwa na nafasi moja. Niliogopa kwamba nikikusubiri, itakuwa yako. Nusu ya kamusi niliichukua ili nijidanganye kwamba tumegawana. Hata marehemu mke wangu sikumwambia.

Mwaka wa sita sasa ninajitolea kuandika mifano kwenye kamusi hiyo ya mtandaoni. A hadi L sijagusa, kwa kuwa si yangu. Lakini tarehe 30 wasimamizi wanaifunga na kuinakili kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Itakavyokuwa siku hiyo ndivyo itakavyobaki. Wewe ndiye mwenye nusu ile, na kichwa cha kuitungia mifano. Utaijaza? Ukikataa sitakulaumu. Wanafunzi watapata nusu ya lugha, na kosa litakuwa langu.

Nduguyo,
Twiga

29 Machi

Ndugu yangu Kobe,

Hujambo, na mjukuu hajambo? Siku ishirini hukujibu, nikaamua kimya ndicho jibu.

Leo asubuhi nimefungua kamusi. *Abeo*, kuondoka: "Alipanda lori, akaniacha na ndoo mkononi." Nikaweka chai pembeni, mbali na kibodi.

Nimesoma mchana kutwa. B ni hasira. C ni hasira iliyopata nafasi ya kukaa: chini ya *collum*, shingo, umenitukana kwa ufundi ambao sijawahi kuuona, na sitaki wasimamizi wafute hata herufi moja. Kwenye F umeanza kucheka. *Frater*: "Ndugu yangu ni mwizi, ila mifano yake ni mizuri." G na H zimejaa simu na mitihani, bila shaka mjukuu alishika usukani ukipumzisha macho. L umeifunga jana jioni. Hakuna neno tupu hata moja.

Barua hukuniandikia, wala siidai. Nimerudi kwenye I, nikasoma tena *ianua*, mlango: "Mlango wa nyumba yangu ni mfupi. Aliye mrefu ainame, aingie."

Nitainama.

Nduguyo,
Twiga